Sampuli Namba 213

Sanduku limeingia Jumatatu, saa nne asubuhi,
jua la Soldotna bado linajikongoja nyuma ya misprusi.
Ndani, pakiti mia mbili na arobaini.
Pale bahasha zilipomwishia, amekunja magazeti kama sambusa:
bei ya samoni, tangazo la mashine ya theluji,
mtu amepotelewa na mbwa mwenye jicho moja.
Kila lebo kwa mwandiko wa Agrafena Kvasnikof,
mlinzi wa hifadhi miaka ishirini na sita, amestaafu juzi tu;
herufi zake zimesimama wima
kama watu kwenye foleni ya benki.

Kazi yangu ni kufungua, kunakili, kugandisha wadudu wafe,
kupanga kwenye droo za hebaria.

Kuvumwani. Jina lenyewe ni cheti cha ndoa:
kuvu akajenga nyumba, mwani akapika jua,
na hadi leo hakuna ajuaye mahari ilikuwa ngapi
wala nani alimfuata mwenzake jiweni.

Namba 41: ndevu za kijivu, tawi la msprusi mfu.
Namba 77: vikombe vyenye ukingo mwekundu,
midomo ya bibi harusi, juu ya kisiki kilichoungua.
Namba 95: nimeidondoshea jiki, ikaona haya.
Namba 108: malisho ya kulungu wa kaskazini.
"Kulungu hawakuonekana."
Namba 130: mwamba. "Dubu njiani. Nimesubiri."
Alisubiri kwa muda gani, lebo haisemi.

Kwenye 213 mkono ukasita.
Duara la rangi ya chungwa, limekaukiana na kipande cha kitu cheusi.
Mahali lilipoota: mpira wa dirisha, gari.
Kipenyo: milimita kumi na nne.
Katika sanduku zima hakupima kingine.

Nikaingiza latitudo, nikaingiza longitudo.
Alama ikatoka ndani ya hifadhi bila kuaga,
ikavuka mto, ikafuata pwani kwenda kusini,
ikatua Ninilchik, uani kwa mtu,
kati ya banda la kuni na kamba ya nguo.

Gari lile nalijua.
Nililipita kila siku nikienda shule:
pikapu ya bluu, magurudumu yamezama majanini,
mlango wa dereva haukufungwa vizuri.
Makary aliliegesha, akapiga boneti kofi,
akasema atalitengeneza kesho,
akaenda kwenye meli za kaa, Dutch Harbor.
Kaa wa mwaka ule waliliwa. Na wa mwaka uliofuata.
Agrafena hakuliuza, hakulivuta, hakulifunika turubai.
Kumbe alikuwa akilisoma.

Namna hii, kwa baridi yetu,
hukua milimita moja kwa mwaka, ikijaliwa.
Haba na haba, na kibaba chenyewe
hakijazidi kifungo cha shati.

Bi Lindkvist, msimamizi, amechungulia skrini:
"Nje ya mpaka. Itoe."
Nikaitikia naam.

Ila kanuni inataka kila sampuli ijaribiwe kwanza.
Nikadondosha tone la potashi.
Rangi ya chungwa ikageuka zambarau papo hapo,
zambarau nzito, ya mahali palipogongwa jana.
Nikaandika: chanya.

Saa tisa na nusu, giza limesharudi kukaa.
Nimenakili lebo neno kwa neno, hata nukta.
Safu ya maelezo nimeiacha kama alivyoiacha yeye, tupu,
nikaiweka 213 kati ya 212 na 214,
droo ya chini kabisa.
Bi Lindkvist hafungui droo za chini.
Magoti.